Printa ya keki haiuawi na kazi, inauawa na kukaa

Wiki mbili zilizopita, Jumatano usiku, dada mmoja wa mtaa wa Sakina, Arusha, alinitumia picha ya karatasi ya aisingi, ile inayoliwa na kubandikwa juu ya keki, iliyochapwa uso wa bwana harusi. Uso ule ulikuwa wa kijani. Chini yake aliandika: "Dada shikamoo. Keki ni ya Jumamosi. Katriji nimeweka mpya jana, nimebonyeza kusafisha mara tisa, bado hivihivi. Nitakuwa mgeni wa nani mimi?"

Niliujua ule ukijani kabla sijamaliza kusoma. Uso wa mtu ukitoka wa kijani, majenta ndiyo imegoma, ile nyekundu ya waridi, na zilizobaki bluu na njano zinachanganyika zenyewe. Ukitoka wa zambarau, tafuta njano. Ukitoka mwekundu wa kuungua kama mtu aliyeshinda juani, bluu ndiyo iliyoziba. Nilimjibu palepale: acha kubonyeza, zima kwa kitufe, tuongee. Lakini baada ya simu ile sikulala vizuri, kwa sababu alinirudisha mahali ambapo nilidhani nimeshapasahau.

Mimi napamba keki hapa Moshi. Anayeijua Moshi anaijua Desemba yake. Wachagga wanapanda kwao kutoka kila kona ya nchi, na kila mmoja ana ubatizo, kipaimara, harusi au jubilei ya ndoa ya wazazi. Katika wiki tatu zile printa yangu huchapa asubuhi na usiku, na sijawahi kuiona ikiziba Desemba. Hata siku moja. Shida inaanza Januari, watu wamesharudi mijini, ada za shule zimemaliza hela, na mashine inafunikwa kitenge. Halafu inakuja Kwaresima, harusi za kanisani zinasimama, na kile kitenge hakifunuliwi tena.

Hapo ndipo inapokufa. Wino wa kula ni maji, rangi za chakula, na vitu kama gliserini vya kuuzuia usikauke upesi. Unapita kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Mashine ikikaa, maji yanapotea kidogo kidogo, kinachobaki ni kitu kizito kinachonata, na kitundu kimefungwa. Mama yangu anafuga ng'ombe wa ndani kule Rau na alinielewa upesi kuliko mafundi wote niliowahi kuongea nao. Alisema, "Basi ni kama kiwele. Usipokamua, maziwa yanagandia humo humo na ng'ombe anaugua." Ndivyo ilivyo.

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi. Keki yangu ya mwisho yenye picha niliichapa Jumamosi iliyotangulia, tarehe 1. Nikazima swichi ya ukutani kama ninavyozima pasi, nikafunika, nikaendelea na maisha. Sikuigusa mpaka Ijumaa 25 Aprili. Siku 55. Kesho yake ilikuwa Muungano, na ilikuwa na harusi yangu ya kwanza baada ya Pasaka: keki ya ngazi tano, na ngazi ya katikati bibi harusi alitaka picha ya marehemu baba yake. Alinikabidhi picha yenyewe mkononi, ya studio, imeanza kufifia pembeni. Aliniambia, "Dada, nataka baba awepo ukumbini."

Nilipochapa jaribio, majenta haikutoka kabisa na nyeusi ilitoka mistari mistari. Nikabonyeza kusafisha. Nikabonyeza tena. Sikumbuki nilibonyeza mara ngapi, najua tu kwamba katriji zilizokuwa zimejaa zilifika nusu na hakuna kilichobadilika. Sikujua wakati ule kwamba kila usafishaji unanyonya wino mwingi na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na sponji ile ikijaa mashine yenyewe inakataa kufanya kazi. Saa nne asubuhi nikaibeba printa kifuani kama mtoto mgonjwa, mvua ya masika inanyesha, nikaenda kwa fundi wa printa za ofisi karibu na stendi.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alisukuma dawa yake kwenye hedi, kile kichwa chenye vitundu vya kutolea wino, kwa bomba la sindano, baada ya saa moja karatasi ikatoka na rangi zote nne, safi. Nilitaka kulia kwa furaha. Akaniambia kwa nia njema kabisa, "Mama, nimejaribia kwa wino wangu ili wako usiishe."

Wino wake. Wino wa ofisini.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, rangi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa. Lakini printa ikishapitisha wino wa karatasi, au dawa ya kusafishia ya ofisini, hiyo si printa ya chakula tena, na watu wa kwanza kugombea kipande chenye picha ni watoto. Nilimlipa, nikairudisha nyumbani, nikaiweka chini. Leo inachapa risiti zangu na kazi za shule za wanangu.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye Kosta kwenda Arusha. Mwenzangu mmoja wa Kijenge alinichapia ile picha bila hata kuniuliza bei, Mungu ambariki. Lakini kwa haraka niliyokuwa nayo niliiweka karatasi kwenye bahasha ya kaki badala ya kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikarudi usiku, madirisha yamefungwa, gari lina unyevu, mvua njia nzima. Karatasi ya aisingi ni wanga na sukari, inakunywa unyevu wa hewani. Nilipofika ilikuwa imenata kwenye plastiki yake ya nyuma, na nilipojaribu kuibandua, uso wa yule mzee ukachanika kutoka jichoni mpaka kidevuni.

Nilimpigia bibi harusi saa nne usiku. Alinyamaza, halafu akasema, "Sawa dada." Hakuna neno jingine. Keki ilikwenda na maua. Ukumbini, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ilipoingia na majani yake mdomoni, MC akasema kwenye kipaza sauti kwamba angalau keki ya Kichagga haijamwangusha mtu, na ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza na kisu cha kukatia keki mkononi. Mama mmoja wa kamati akaandika kwenye kundi lao la simu kwamba nimewatia aibu, na kuna aliyenitumia nilione. Nilirudisha shilingi 180,000 na sikudai hata gharama ya mayai. Yule mama ninakutana naye kanisani hadi leo. Ananisalimia. Keki zake ananunua kwingine.

Nimeyaandika haya yote kwa sababu najua anayesoma hapa anataka anachotaka dada wa Sakina, na mimi pia: kuwa yule mtu ambaye Moshi nzima au Arusha nzima ikitaka keki ya picha inamtaja yeye. Basi chapa kila wiki. Uwe na oda au usiwe nayo. Mimi siku yangu ni Jumatatu: mstari wa rangi nne kwenye karatasi nyeupe safi, dakika mbili, wino kidogo sana. Ukisikia uvivu, kumbuka bei ya hedi. Wiki ya Majivu chapa, Ijumaa Kuu ikipita chapa, ukisafiri mwachie dada wa kazi maelekezo achape.

Na uzime kwa kitufe cha mashine yenyewe, kisha ndiyo ukutani. Ukizima kwa kitufe, hedi inarudi kwenye kiota chake chenye mpira na kujifunika. Ukikata umeme ghafla inabaki katikati ya njia, iko wazi, inakauka. Umeme ukikatika wewe ukiwa unachapa, ukirudi tu iwashe na uizime vizuri hata kama umeahirisha kazi. Hili lilikuwa kosa langu la miaka na hakuna aliyewahi kuniambia.

Ikishaziba, kwanza ijue mashine yako. Printa nyingi za keki tunazotumia ni Canon au Epson za kawaida zilizoanza na wino wa kula tangu zilipotoka kwenye boksi. Canon husukuma wino kwa joto, na kwa baadhi ya modeli hedi inatoka kwa mkono. Epson husukuma kwa kijiwe kinachotikiswa na umeme, na hedi yake imefungwa ndani, usiing'oe. Usafishaji wa kwenye menyu fanya mara mbili, zikizidi tatu. Halafu iache saa kadhaa, wino mpya ulainishe ule mkavu. Subira hiyo inafanya kazi kuliko kubonyeza mara tisa.

Ikigoma na hedi inatoka, iloweke. Bakuli bapa, maji ya vuguvugu yasiyo na madini, kina cha kugusa vitundu tu. Ile sehemu ya shaba yenye vidoti vya umeme isiguse maji hata tone. Maji ya bomba niliacha. Yana madini, na yakikauka yanaacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Maji ya betri ninayakwepa pia, hayakutengenezwa kwa ajili ya chakula na chupa zake huchanganywa na za asidi dukani. Mimi nanunua duka la dawa vile vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa za sindano. Badilisha maji yakichafuka, kisha kandamiza hedi juu ya tishu iliyokunjwa: unataka kuona alama nne, kila rangi na yake. Halafu ikauke. Usiku mzima na mchana wake, bila draya ya nywele. Hedi yenye unyevu ukiirudisha na kuwasha, unaiunguza.

Spiriti, dawa ya vioo, na dawa ya fundi yeyote asiyechapa chakula, hapana. Zipo katriji za kusafishia zilizotengenezwa kwa ajili ya printa za chakula, ukizipata weka moja akiba. Na soma tarehe kwenye katriji kabla ya kulipa. Wino huu ni chakula, unaisha muda.

Wapambaji wenzangu, tuache kusema "printa mbovu". Nasikia neno hilo kila siku, na mara nyingi ninapouliza ilichapa lini mwisho, mtu anaanza kuhesabu miezi. Mteja anatukabidhi picha ya marehemu baba yake. Anatukabidhi uso wa mtoto wa kipaimara ambaye hatapata kipaimara mara ya pili. Huwezi kupokea kitu kama hicho na malipo ya awali, halafu ukaijaribu mashine siku moja kabla. Ijaribu siku unayopokea oda. Ikigoma una wiki. Na kama itashindikana, mwambie mteja mapema, kungali mchana, si saa nne usiku kama nilivyofanya mimi.

Dada wa Sakina aliloweka hedi yake Jumatano ileile na kubadilisha maji mara tatu. Ijumaa asubuhi majenta ilirudi, ikibakiza mistari miwili inayokatika. Nilimwambia asafishe mara moja tu na asiguse tena. Jumamosi saa tano alinitumia picha ya keki, bwana harusi ana rangi yake ya maji ya kunde. Jumatatu iliyofuata alinitumia mstari wa rangi nne, umekamilika. Wa Jumatatu hii bado sijauona. Nitampigia jioni.