Wasije Wakakunyamazia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umepewa watu wanane wa kuwaongoza, na unaniuliza: "Mama, nikiwa mnyenyekevu hawatanipanda kichwani?" Nafurahi umeuliza kabla hujaanza kazi.

Usichanganye unyenyekevu na unyonge. Mnyonge hathubutu kusema lake. Mnyenyekevu hulisema, ila anakubali kwamba huenda amekosea. Kuna na yule anayeinama mbele ya wakubwa apate cheo, watu wakamsifu kwa methali ya mtaka cha mvunguni. Huyo anajipendekeza tu. Mtazame akiwa na walio chini yake, hapo ndipo utamjua.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu umetanda. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka alikuwa mzoefu, mtu wa kuwafundisha marubani wenzake. Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa na rubani huyo kwa uhakika kwamba imetoka, basi, hakuuliza tena. Sababu nyingine zilikuwapo, hata mawasiliano ya redio yaliingiliana, lakini mimi kila nikikumbuka hukwama hapo: aliyekuwa na shaka ya kweli alinyamaza. Baada ya ajali za namna hiyo, marubani walianza kufundishwa: wa chini aseme, wa juu asikilize. Unyenyekevu ukawa somo la kazi, lenye mazoezi yake.

Kwa hiyo unyenyekevu unafunzika, mwanangu. Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alikuwa na kawaida moja: akikutana na jambo linalopinga alichokwisha kukiamini, aliliandika papo hapo, kwa sababu aligundua kwamba mambo ya aina hiyo humtoka akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Nawe andika. Kwenye vikao waache wadogo waanze, wewe useme mwisho, maana ukitangulia watakufuata tu. Mtu akikusahihisha, zuia ulimi usikimbilie kujitetea. Mwulize ameona nini, kisha mshukuru mbele ya wenzake. Hilo la kushukuru hadharani litakuuma kuliko yote. Lifanye hivyo hivyo, kwa kuwa wale saba wengine watakuwa wanatazama wajue kama ni salama kukwambia ukweli.

Mimi nilichelewa kulijua hili, na wewe ndiye uliyeumia. Ulipokuwa na miaka 11 nilikugombeza siku nzima kwa ufunguo wa kabati uliopotea. Ulipokana nikakuita mwongo. Siku nne baadaye niliukuta ndani ya mkoba wangu mwenyewe. Sikusema neno. Nilikununulia viatu vipya, nawe ukanishukuru kwa mikono miwili. Niliamini mzazi akimwomba mtoto radhi heshima yake inashuka. Tangu siku zile uliacha kubishana nami, hata pale ulipokuwa na haki, nami nikajisifu kwamba nimekulea ukawa na adabu.

Ulikuwa unasema kweli, mwanangu. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Nisamehe.

Mama yako