JU kabla ya TO? Kosa la MAGAZIJUTO linalowakosesha watoto alama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Tukuyu. Alipewa 20 − 8 + 5, akaandika 17. Mwalimu wa tuisheni akamkosesha, akaandika 7, eti kwenye MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) JU inatangulia TO. Simu yangu nayo inasema 17. Nimwambie mtoto ashike lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Mtoto amepata. Aliyekosa ni mwenye peni nyekundu, na kosa lake naletewa kila muhula hapa Mbeya, hata na vijana wa kidato cha pili.

Umetoka na 20,000, ukanunua mafuta ya kula ya 8,000 pale Mwanjelwa, stendi ukakutana na mdeni wako akakulipa 5,000. Unafika nyumbani na ngapi? Kwa hesabu ya mwalimu yule una 7,000, maana hela uliyolipwa ameihesabu kama matumizi.

Gawanya na zidisha ni daraja moja. Jumlisha na toa ni daraja moja. Ndani ya daraja unatoka kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma. JU imetangulia TO kwa kuwa huwezi kutamka silabi mbili kwa mpigo, basi. Ukitaka kujumlisha kwanza, jumlisha, ila alama ya kutoa ni mali ya 8: −8 na 5 ni −3, na 20 ukitoa 3 ni 17 ileile.

Mpe hii, kila hatua mstari wake:

40 − 18 ÷ 3 × 2 + 5
= 40 − 6 × 2 + 5
= 40 − 12 + 5
= 28 + 5
= 33

Akileta 23, amejumlisha 12 na 5 kwanza. Akileta 42, amezidisha 3 kwa 2 kabla ya kugawanya. Unaona? Hata jibu bovu linakuonyesha pa kumsaidia, mradi hatua zimeandikwa.

Simu yako imepata, lakini usiifanye hakimu. Vile vikokotoo vidogo vya dukani, ukibonyeza 2 + 3 × 4 vingi vinakupa 20, wakati jibu ni 14.

Kinachonichosha hasa ni hizi "mbinu za fasta" wanazouziwa watoto, jibu bila hatua. "Namba ikivuka sawasawa inabadilika alama." Mtoto anakariri, anapewa 3x = 12, anaivusha ile 3 na kuandika x = 12 − 3, yaani 9. Hakuna aliyemwambia kwamba 3 imezidisha x, kwa hiyo pande zote mbili zinagawanywa kwa 3, x ni 4. Mzazi analipa, mtoto anarudi na kosa jipya lenye wimbo.

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kulipia mwezi ujao, mwombeni mwalimu wa tuisheni afanye 10 − 4 + 1 mbele yenu. Akisema 5, hela hiyo nunueni madaftari.