Kwa Mliochaguliwa Juzi Kuongoza Jumuiya

Jumapili mlipoombewa mbele ya madhabahu, dada mmoja kati yenu alininong'oneza: "Mama, mimi nauza nyanya Mbuyuni, Biblia yenyewe siijui vizuri. Kwa nini mimi?" Nilimjibu juu juu, kwaya ilikuwa imeshasimama. Jibu lenyewe ni hili.

Katika Luka 10 Yesu aliwatuma wengine sabini, wawili wawili. Wale kumi na wawili tunakariri majina yao tangu shule ya Jumapili; katika hawa sabini hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Na walitumwa wamtangulie mahali alipokusudia kwenda mwenyewe. Unapobisha hodi kwa mgonjwa au mwenye shida mitaani kwetu hapa Moshi, Pasua au Njoro, mwenye kazi yuko njiani. Wewe umetangulia tu.

Mimi hilo nilichelewa kulijua. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda hospitalini kumwona mama wa jumuiya yetu. Nilibeba Biblia, kitabu cha nyimbo na maneno tele. Nikasogeza kikombe chake cha uji pembeni ili nipate pa kuweka vitabu, nikasoma zaburi ndefu, nikaomba mpaka muuguzi akapita mara mbili akituchungulia. Nilipofumbua macho, mama wa watu alikuwa anakitazama kile kikombe. Mkono haufiki, na uji ushaganda utando juu. Binti wa kitanda cha pili ndiye aliyeinuka na dripu yake, akakoroga, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Hakusema hata "amina". Siku hizi nikifika kwa mgonjwa nauliza kwanza kama amekula.

Nendeni wawili, kama walivyotumwa wale. Mmoja akizidiwa na maneno, mwenzake amkanyage mguu.

Mkiandaliwa kiburu, zile ndizi zetu za maharage, kuleni, hata kama mmetoka kula kwenu. Wale sabini waliambiwa wale na kunywa walichopewa, na mwenye nyumba naye ana haki ya kutoa. Pesa msiahidi kamwe. Semeni mtawafikishia wazee wa kanisa, kisha mfikishe kweli.

Lililonichosha kuliko yote ni midomo. Nimeshuhudia sala ikigeuka tangazo: "Bwana, mwangalie dada yetu, wewe unajua mumewe amehamia kwa nani." Kufika jioni hadithi iko Kiboriloni na imeongezwa chumvi. Mtajeni mtu jina tu, basi. Mungu habari anazo.

Watakuwepo watakaowaambia kazi hii ni ya mchungaji. Wasiwatishe. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, hapa Kilimanjaro, mwaka 1893, lakini serikali ya Waingereza ilipowaondoa Wajerumani mwaka 1920, waliobaki kufundisha watoto na kukusanya watu kwenye ibada vijijini walikuwa walimu wenyeji, watu wa migomba na kahawa kama babu zetu. Tunapenda kuwasimulia Wajerumani; hao walimu tunawasahau, sijui kwa nini. Tena hata Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, Matendo 18 inasema, na hakuona aibu mikono yake kunuka kazi. Tena yule mtoto wa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, nani anajua jina lake? Alikuwa amebeba chakula tu.

Basi, dada wa nyanya, Alhamisi tunaanza. Kuna bibi Njoro hajatoka ndani tangu mvua zilipoanza, na mjukuu anayemwangalia yuko shule mpaka jioni. Nitakupitia saa kumi ukishafunga meza. Zile nyanya zilizolainika usizitupe, anazipenda kwenye mchuzi.