Kwenye softiboli, DP (yule anayempigia mwenzake) akidaka besi ya tatu, mchezaji wa besi ya tatu katoka mchezoni?
Hapana mkuu, hajatoka. DP akichukua glovu akasimama besi ya tatu, yule wa besi ya tatu anakaa benchi ila zamu yake ya kupiga iko palepale. Kinachovuruga watu ni Flex, yule wa 10 kwenye karatasi ya majina ya wachezaji, mara nyingi ndo mrushaji, anacheza uwanjani ila hapigi, DP ndo anampigia. Sasa DP akichukua nafasi ya Flex mwenyewe uwanjani hapo Flex katoka na mmebaki 9, na Flex akitaka kupiga anapiga kwenye zamu ya DP tu, DP naye anatoka. Walioanza mechi wakitoka wanarudi mara 1 tu, kwenye namba ileile ya kupiga. Kudaka wote wawili sawa, kupiga wote wawili haipo kabisa, na mwambieni ampaya (mwamuzi) kila mkibadilisha jamani!