Kabla hujafungua orodha ya vyuo bora, mwulize mtoto ni historia ya nini

Juzi nilikaa nyuma ya chumba cha ushauri nikimsikiliza mwenzetu mpya akizungumza na kijana wa miaka 17 anayetaka kusoma historia. Kijana hajamaliza sentensi yake ya pili, tayari orodha ya vyuo bora duniani iko kwenye skrini na kidole kinashuka: hiki cha 12, hiki cha 31, hiki alama zako hazifiki. Baada ya dakika 20 mtoto akatoka na majina matano kwenye karatasi. Hakuna aliyemwuliza ni historia ya nini inayompendeza. Nilinyamaza kwa kuwa mzazi wake alikuwapo, lakini nilirudi nyumbani na uzito moyoni, maana yale ndiyo makosa niliyoyafanya mimi, na yanafanywa upya kwa nia ileile njema.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliopangiwa mwaka huu kazi hii ya kuwashauri wanafunzi kuchagua chuo. Fomu, tarehe za mwisho, sifa za kujiunga na barua za mapendekezo mnazijua, sitazigusa.

1. Orodha za vyuo hazikutungwa kwa ajili ya mwanahistoria. Chukueni ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003. Inahesabu medali za Fields, ambazo ni tuzo za hisabati, tuzo za Nobeli na makala zilizotoka kwenye majarida ya Nature na Science. Hakuna Nobeli ya historia. Theodor Mommsen, mwanahistoria wa Roma, alipewa Nobeli mwaka 1902, na ilikuwa ya fasihi. Lakini orodha hiyo inapohesabu tuzo za walimu wa chuo inatazama fizikia, kemia, tiba, uchumi na hisabati. Ile ya QS, kampuni ya Uingereza, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 ya alama zake kwa maoni ya wanataaluma kuhusu sifa za vyuo, na sasa ni asilimia 30. Maana yake mtoto wako anayetaka kusoma historia ya watumwa au ya njaa au ya miji anachaguliwa chuo kwa nguvu ya maabara ya kemia na kwa yale ambayo watu wamesikia. Orodha za somo mojamoja zina nafuu kidogo. Hata hizo, zifungue mwishoni, mtoto akishasema lake.

2. Mwache aseme. "Napenda historia" ni maneno yanayoficha mambo mengi. Yuko anayependa kwa sababu anakariri vizuri na anapata alama. Yuko anayempenda mwalimu wake. Yuko mwenye swali. Mwulizeni: ni jambo gani ulilisoma ukaenda kulitafuta zaidi bila kuagizwa na mtu? Kijana mmoja aliwahi kunijibu swali hilo kwa dakika 40 kamili, akieleza namna ramani za zamani zilivyochorwa na kwa nini pwani zilikuwa sahihi huku bara likijazwa wanyama, mpaka nikachelewa kipindi changu. Nilifurahi kuchelewa. Huyo hakuhitaji ushauri mrefu. Alihitaji idara iliyo karibu na mkusanyiko mzuri wa ramani, na tuliipata wiki ileile.

3. Someni orodha ya kozi kama mnavyosoma chanzo chochote cha kihistoria. Hapa nitasema jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia kutoka kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, binti, aliyenijia na jambo moja kichwani: sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alitaka kujua zilifikaje huko. Kila wiki alikuja na dhana mpya. Mara zilibebwa na Wareno, walioivamia Kilwa mwaka 1505. Mara zilipita mikono ya wafanyabiashara kumi, bandari baada ya bandari, na wa mwisho hakujua hata Kilwa iko wapi. Alikuwa ameshang'amua, bila kufundishwa na mtu, kwamba swali lake halijibiki kwa lugha moja: habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa maandishi ya Kiarabu, ambayo nakala yake iko London, na kwa Kireno cha João de Barros, mwanahistoria wa Ureno, aliyezichapisha mwaka 1552. Masimulizi hayo mawili hayakubaliani kila mahali. "Mwalimu," aliniambia, "nitahitaji Kiarabu na Kireno." Miaka 17, na tayari ana mpango wa utafiti.

Nikaingia kwenye tovuti ya chuo kimoja chenye jina kubwa. Kwenye orodha ya kozi za mwaka wa pili nikaiona: Bahari ya Hindi, na mbele yake jina la profesa ambaye mimi na binti tulikuwa tumekisoma kitabu chake. Nikaona kazi imekwisha. Yeye alikuwa na chuo kingine mkononi, kisicho na jina, idara ya walimu wanane. Mmoja wao alikuwa amemjibu barua yake kwa kurasa mbili, na katika kurasa hizo alimuuliza maswali mengi kuliko majibu aliyompa. Binti aliipenda sana barua ile. Alinisomea. Mimi nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Mwanangu, barua haiwi shahada. Jina la chuo utalibeba maisha yako yote." Akanitii. Watoto wa namna yake hututii, na hilo ndilo linalonitisha katika kazi hii hadi leo.

Alipofika akakuta kozi ya Bahari ya Hindi ina miaka minne haijafundishwa. Ilibaki kwenye orodha kwa sababu kuifuta kulihitaji kikao na hakuna aliyekiitisha. Profesa alikuwapo, ila alisimamia wanafunzi wa uzamivu tu, na mwaka ule alikuwa likizo ya utafiti. Kireno kilifundishwa kitivo kingine, na ratiba yake iligongana na somo la lazima la historia. Mihadhara ilikuwa ya watu 300. Insha zake zilisahihishwa na wasaidizi waliobadilika kila muhula, na katika miaka miwili hakuna mtu mmoja aliyesoma insha zake mbili mfululizo ili aone kama anakua.

Likizo ya mwaka wa pili alikuja kunisalimia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, "Mwalimu, uliwaandikia kuuliza kama ile kozi inafundishwa?"

Sikuwaandikia. Ilikuwa barua pepe ya mistari mitatu. Mimi niliyemfundisha kwa miaka kadhaa kwamba kila hati ina mwandishi, ina tarehe na ina sababu ya kuandikwa, na kwamba kabla hujaiamini uliza iliandikwa lini na kwa ajili ya nani, nilishika hati iliyotungwa na ofisi ya udahili ili kuvuta wanafunzi, nikaiamini neno kwa neno. Muhula uliofuata alihama fani. Alimaliza, ana kazi nzuri, ananipigia simu sikukuu. Mara ya mwisho tulipoonana nilimuuliza habari za zile sarafu. Alifikiri kidogo akasema, "Siku hizi hata sizikumbuki, Mwalimu."

Basi andikeni. Kozi hii ilifundishwa mara ya mwisho lini, na nani, kwa wanafunzi wangapi? Nani husahihisha insha za mwaka wa kwanza? Mwanafunzi wa historia anaruhusiwa kuchukua lugha kitivo kingine, na ratiba inamruhusu kweli? Idara isiyojibu ndani ya wiki tatu nayo imekupa jibu. Na ikijibu kwa kurasa mbili, kaeni na mtoto mzisome pamoja hadi neno la mwisho.

4. Idara ni watu, na watu huhama. Mwaka 1929 wanahistoria wa Ufaransa Marc Bloch na Lucien Febvre walianzisha jarida lao la Annales wakiwa walimu wa chuo cha Strasbourg, na historia ikabadilika: bei za nafaka, mashamba, imani za wakulima, vyote vikawa historia. Febvre akahamia Paris mwaka 1933, Bloch akafuata mwaka 1936. Mzazi aliyempeleka mwanawe Strasbourg mwaka uliofuata kwa ajili ya watu hao alichelewa. Idara ya historia ya Dar es Salaam nayo ilipata sifa kubwa kwa historia iliyomweka Mwafrika katikati ya habari zake mwenyewe. Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia pale, aliondoka mwaka 1969, na Walter Rodney, mwanahistoria mwenzake, akaondoka mwaka 1974. Sisemi idara hizo zilikufa. Nasema sifa huchelewa kuondoka kuliko mtu, na sifa mnayoisikia leo huenda ni ya kizazi kilichostaafu. Tazameni nani yuko sasa, hasa walimu vijana, kwa kuwa ndio watakaokuwapo mtoto akifika mwaka wa tatu kuandika tasnifu.

Tena kila idara ina mwelekeo wake. Ipo inayofanya historia kwa nyaraka za serikali, ipo inayokwenda vijijini na kinasa sauti. Mwanahistoria Jan Vansina alionyesha mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kupimwa kwa ukali uleule wa maandishi, lakini hadi leo unaweza kumaliza shahada ya historia mahali fulani bila kufundishwa namna ya kumhoji mzee. Mtoto anayependa kusikiliza watu asipelekwe huko.

5. Haya ni ya haraka. England shahada ya historia kwa kawaida ni miaka 3, Scotland ni 4, na Marekani mwanafunzi huweza kungoja hadi mwisho wa mwaka wa pili kabla ya kutangaza somo lake kuu, kwa hiyo asiye na uhakika msimfungie mahali pa kuchagua siku ya kwanza. Ulizeni kama tasnifu ni ya lazima, na kama si ya lazima, kwa nini. Ulizeni kama wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kugusa nyaraka halisi au anaziona kwenye slaidi tu. Semina ya watu 12 ina thamani kuliko mhadhara wa mtu maarufu. Historia pamoja na lugha ni mseto mzuri karibu kila mara.

6. Mzazi atauliza historia itamlisha nini mwanawe, na ana haki ya kuuliza. Msimjibu kwa hotuba. Mwambieni ukweli: wengi wanaosoma historia hawawi wanahistoria. Wanakwenda kwenye sheria, uandishi wa habari, ualimu, utumishi wa umma, makumbusho, na wanachoondoka nacho ni uwezo wa kusoma makaratasi mengi yanayopingana na kuandika kurasa tano zinazoeleweka. Uwezo huo hujengwa na mtu anayesoma insha yako na kukurudishia ikiwa imejaa wino. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa ni chuo gani wanarudisha insha zikiwa na wino?" Ningependa kila mshauri awe na swali la mama yule.

Na wewe mdogo wangu wa juzi, najua utasoma haya na utajijua. Ulifanya kwa upendo, nilikuona. Yule kijana hajatuma maombi bado. Dirisha lina wiki sita. Mwite tena kesho, peke yake kwanza, skrini ikiwa imezimwa. Alipokuwa anatoka niliona kitabu kwenye mkoba wake, kimekunjwa kurasa nyingi, na hakikuwa cha shule. Anza nacho.