Asiyejua mafundisho yote, ataokoka?

SWALI: Papa Pasta, Bwana asifiwe. Mdogo wangu alizama Ziwa Kivu akileta mihogo kutoka Minova, mwili haujaonekana hadi leo. Hakujua kusoma, lakini kila akipanda mtumbwi alisema, "Yesu, niko mikononi mwako." Kwenye kilio mtumishi mmoja akatuambia kwamba hakufundishwa Utatu (Mungu mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu) wala mambo ya unyakuo (waamini kuchukuliwa juu Kristo akirudi), basi hakuokoka; tena aliyeliwa na samaki atafufukaje? Mama amekataa chakula. Tumwambie nini? (Msomaji, Majengo, Goma)

JIBU: Dada yangu, poleni sana. Nimesoma barua yako kwa uchungu, maana mama amebebeshwa mzigo ambao mitume hawakumbebesha mtu.

Mkumbukeni mlinzi wa gereza kule Filipi, Matendo 16. Upanga mkononi, yuko karibu kujiua, anauliza afanye nini apate kuokoka. Paulo na Sila wanamjibu: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka." Wakamhubiri neno, akabatizwa usiku uleule. Angefundishwa nyakati za mwisho saa ngapi?

Yaliyo ya lazima Paulo ameyataja mwenyewe katika 1 Wakorintho 15: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Warumi 10:9 inadai kumkiri kwamba ni Bwana na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua. Hapo sipunguzi hata neno moja. Anayesema Yesu ni mwalimu mwema tu, aliyebaki kaburini, huyo imani yake ni bure. Ni Paulo anayesema hivyo.

Utatu naufundisha kila mwaka kwa wanaojiandaa kubatizwa, na ninauamini kwa moyo wote. Lakini maneno tunayoyakiri yalipangwa na maaskofu huko Nikea mwaka 325, yakakamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Stefano, mfuasi wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Yesu, alipigwa mawe karibu miaka 300 kabla. Nani atathubutu kusema hakuokoka? Na kujua peke yake hakuokoi: Yakobo anasema mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kuamini ni kumkabidhi Yesu maisha yako. Mtu anayepanda mtumbwi akisema "niko mikononi mwako" amefanya nini kingine? Mwizi msalabani aliomba akumbukwe tu, akaahidiwa pepo siku ileile.

Kuhusu mwili, ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 400, na najua familia nyingi hapa ambazo hazina kaburi la kupalilia. Wakorintho nao waliuliza wafu wanafufukaje na kwa mwili gani. Paulo akawajibu kwa mbegu: unapanda punje tupu, Mungu anaipa mwili apendavyo. Ufunuo 20:13 inasema wazi kwamba bahari iliwatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Mungu aliyemuumba mdogo wako hahitaji tumletee mifupa.

Hukumu ya mwisho ni ya Mungu, si yangu wala ya mtumishi yule. Ila kwa ulichoniandikia, mna tumaini la kweli. Mpikieni mama uji, mmoja wenu akae naye amsomee Yohana 11 kwa Kiswahili, polepole, hasa pale Martha, aliyefiwa na kaka yake, anapoambiwa na Yesu kwamba amwaminiye, ajapokufa, atakuwa anaishi, kisha anaulizwa, "Je, unayasadiki hayo?" Na wazee wa kanisa wamwite yule mtumishi wazungumze naye kabla hajasimama kwenye kilio kingine.