Kabla hujanunua dawa ya kuongeza damu, sogeza kikombe cha chai

Dada mmoja ameniandikia akilalamika kwamba kila akipima damu anaambiwa iko chini. Juisi ya choya anakunywa, bitiruti anasaga, na sasa anataka nimtajie dawa nzuri ya kuongeza damu. Nikamuuliza, mchana ukishakula maharage yako unateremshia na nini? Chai ya rangi, akajibu, ya tangawizi.

Basi tuanzie hapo, maana wanaokunywa hivyo ni wengi.

Kwanza tuachane na rangi nyekundu. Wekundu wa bitiruti au choya si madini chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika miligramu 1. Maharage yaliyoiva, uzito huohuo, yana kama miligramu 2, na maini ya ng'ombe yanapita 5. Ile soda ya zambarau tunayowapelekea wagonjwa wodini ni sukari na rangi, basi. Mwanamke anayeona siku zake anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku, mwanaume 8.

Lakini kula chuma ni jambo moja, mwili kukifyonza ni jambo jingine. Chuma cha nyama na samaki huingia kwa urahisi. Cha maharage, mboga na nafaka huingia kidogo sana, na kidogo hicho hutegemea umekila pamoja na nini. Tanini za majani ya chai hukidaka chuma tumboni, kikatoka na choo kama kilivyoingia. Kikombe kimoja cha chai katikati ya mlo wa maharage kinaweza kukupotezea zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungefaidi. Kahawa nayo hufanya hivyohivyo, kwa nguvu pungufu. Kuongeza maziwa si dawa, kwa sababu kalisi ya maziwa nayo huzuia chuma. Tangawizi na iliki hazibadilishi kitu.

Sikwambii uache chai. Ipishe na mlo kwa saa moja, ikiwezekana mbili: ukila saa saba, chai iwe ya saa tisa. Chai ya asubuhi na andazi sina ugomvi nayo sana, andazi si chakula unachokitegemea kwa chuma. Ugomvi wangu ni kwa mjamzito anayemeza kidonge chake cha chuma cha kliniki kwa chai hiyohiyo ya asubuhi. Kidonge kimezwe kwa maji, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kikikuchefua, kimeze usiku pamoja na chakula; utafyonza pungufu ya hapo, ila ni bora kuliko kukificha chini ya godoro. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usiache kwa sababu hiyo. Na usiache kwa kuwa umepata nguvu: damu ikisharudi, mwili bado unahitaji kama miezi mitatu kujaza akiba.

Ukishaondoa kinachozuia, weka kinachosukuma, yaani vitamini C. Hapa watu hukamulia ndimu wakaridhika. Nusu ndimu ina kama miligramu 5 tu za vitamini C, wakati mlo unahitaji 25 hadi 50. Chungwa moja la kawaida linatosha. Pera moja linatosha na kuzidi. Kipande cha papai cha gramu 100 kina kama 60. Na kama matunda yamepanda bei, nusu ya pilipili hoho mbichi kwenye kachumbari inakufikisha. Nimesema mbichi: ukiikaanga pamoja na kitunguu mpaka ilegee, sehemu ya vitamini imeshakwenda na moto. Tunda liliwe pamoja na chakula au mara tu baada yake. La saa kumi halisaidii maharage ya saa saba. Kisamvu ndiyo usikifupishie moto kwa kuogopa vitamini. Kina sumu, kitwange na ukichemshe sana, tunda utalila pembeni.

Maharage nayo yana fitina yake, asidi ya fitiki, inayokamata chuma vilevile. Dawa yake ni kuloweka. Kikombe kimoja cha maharage, vikombe vinne vya maji, saa mbili usiku mpaka asubuhi. Utakuta ganda limejikunja kisha likanyooka, punje imevimba karibu mara mbili, na maji yamegeuka rangi ya chai hafifu. Maji hayo yamwage, usipikie. Suuza, weka mapya, na yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto, hasa maharage mekundu, kwa kuwa yakiiva nusunusu yanaumiza tumbo. Sehemu za joto kama Dar au Mombasa usiyalaze kwa muda unaozidi saa kumi na mbili. Ukiona povu na harufu ya uchachu yamepitiliza. Yakigoma kuiva hata baada ya kulowekwa, ni ya zamani, yamekaa stoo yenye joto na unyevu. Wengi hapo hutupia magadi. Yatalainika, ndiyo, lakini magadi huua vitamini B1. Badilisha muuzaji.

Tupia dagaa kiganja kimoja kwenye sufuria hiyohiyo. Mbali na chuma chao wenyewe, nyama ya samaki husaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Na dagaa ni wa bei ya kila mtu, tunawadharau bure.

Sasa neno kwa wanaokula udongo. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukamata chuma tumboni na kukuletea mayai ya minyoo. Unazunguka palepale. Safura, yule mnyoo anayenyonya damu kwenye utumbo, huingilia ngozi ya miguu, kwa hiyo kandambili shambani na njiani kwenda chooni ni sehemu ya lishe. Kama huna viatu na choo kizuri, pera zako unamlisha mnyoo.

Haya yote ni kwa upungufu wa chuma. Malaria hupunguza damu bila kujali umekula nini. Mwenye selimundu (sickle cell) asijiandikie vidonge vya chuma, chuma kikizidi kinamdhuru. Na mwanaume mtu mzima, au mama aliyekoma hedhi, akikutwa na damu pungufu aende akachunguzwe tumbo kwanza, maana huenda anavuja mahali asipopaona.